Mnaopigilia plaiwudi vitanda vya kamba, mnaviua

Mhariri,

Vitanda vya kamba vya zamani vimerudi kwa heshima. Vile vilivyokuwa vimesahauliwa uani na stoo sasa vinatafutwa Lamu, Mombasa na Unguja, viwekwe barazani au sebuleni, watu wakae mchana na mgeni akichoka ajinyooshe. Hilo jema. Linalotukera sisi tunaovitengeneza ni lile linalofuata baada ya kununuliwa: kamba inakatwa kwa kisu, inapigiliwa plaiwudi, na juu yake godoro la sponji. Miezi michache baadaye kitanda kinayumba, na lawama anabebeshwa fundi aliyekichonga, ambaye yuko kaburini na hawezi kujitetea.

Kitanda hiki kina matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, cha mchagoni na cha miguuni. Ncha za mifumbati na vitakizo zimechongwa ndimi zinazoingia kwenye matundu ya matendegu, na mara nyingi hamna gundi wala msumari. Kinachozibana ndimi hizo ni kamba. Inayopita kwa upana huivuta mifumbati ikaribiane, ndimi za vitakizo zikazama ndani ya matendegu. Inayopita kwa urefu huvivuta vitakizo, zikazama za mifumbati. Ukiikata kamba umekifungua kitanda. Plaiwudi haivuti kitu, inakaa juu tu. Na msumari katika hewa ya chumvi hupata kutu, kutu huvimba, tendegu likapasuka kwa urefu. Ufa huo hauzibiki vizuri hata kwa gundi ya bei gani.

Kabla ya kununua, kipindue. Kitanda kilichotumika kweli kina makovu ya kamba kwenye kingo za mifumbati, mabonde madogo yaliyolainika, hayalingani nafasi. Kilichozeeshwa kwa rangi na msasa kina kingo kali chini, mahali ambapo muuzaji hakutegemea mtu aangalie. Kipimo kingine ni tendegu lenyewe. Lililokerezwa zamani, yaani lililochongwa mviringo kwa kuzungushwa, haliwi duara kamili tena, kwa sababu mbao ikikauka hunywea upande mmoja zaidi ya mwingine. Pima kipenyo mara mbili, mara ya pili ukivuka ule mstari wa kwanza, na utaona tofauti ya milimita moja au zaidi. Skurubu ya kichwa cha msalaba haikuwa sokoni kabla ya miaka ya 1930, basi ukiikuta imeshika kiungo cha kitanda unachoambiwa ni cha karne ya 19, ama kimetengenezwa upya au unadanganywa. Vumbi jepesi la unga chini ya vitundu vidogo maana yake bungu bado wamo ndani wanakula. Si sababu ya kukiacha, ni sababu ya kushusha bei: sindano ya dawa ya mbao yenye permethrini kwenye kila kitundu, kisha kipakwe chote, kisha kikae wiki kadhaa kabla ya kuwambwa, yaani kutandikwa kamba. Kunguni ni rahisi zaidi. Kamba kuukuu ichomwe, na viungo vimwagiwe maji yanayochemka.

Sasa kamba. Ya kumbi la nazi ni ngumu kwa ngozi lakini hustahimili unyevu, na kwa kitanda cha barazani hatuoni ya kuishinda. Ukambaa wa ukindu au miyaa ni laini na mzuri ndani ya nyumba. Katani hushika ukungu mapema mwambao. Nailoni ndiyo mbaya kuliko zote: hurefuka ukikaa, na mafundo yake huteleza.

Kiasi kinawapotosha wengi, wanarudi dukani mara tatu na kila bunda lina rangi yake. Chukua kitanda chenye urefu wa nje sentimita 190, upana 85, na miti ya unene wa 5 kila upande. Mzunguko mmoja wa upana ni jumla ya 85 na 5, mara mbili, yaani sentimita 180. Mzunguko mmoja wa urefu ni sentimita 390. Ndani kinabaki urefu wa 180 na upana wa 75; ukiweka mzunguko kila sentimita 2, unahitaji mizunguko 90 kwa upana, sawa na mita 162, na 37 kwa urefu, sawa na mita 144 na ushei. Jumla mita 306. Ongeza sehemu ya kumi kwa kupanda na kushuka kwenye msuko na kwa mafundo. Nunua mita 340 kwa pamoja. Hii ni kwa kamba ya kuzungusha; mifumbati yenye matundu hutumia pungufu.

Kamba ya kumbi iwambwe kavu, kwani ikilowa hujikunja na kufupika, halafu ikikauka hulegea. Ivutwe kwanza baina ya miti miwili, ikae usiku mzima. Ukambaa ni kinyume chake: loweka mpaka ulainike, uwambe ungali na unyevu, ukikauka utajikaza wenyewe.

Kosa linalojirudia hata kwa mafundi wazuri ni kusahau pao la kati. Kabla ya mzunguko wa kwanza, kata pao lenye urefu sawasawa na upana wa ndani, hapa sentimita 75, ulibane katikati ya mifumbati. Usipolibana, kamba itaipinda mifumbati kwa ndani, na kitanda kitatoka na kiuno. Pima pia kwa futikamba kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili; tofauti ikizidi nusu sentimita, gonga kwa nyundo ya mbao mpaka zilingane. Anza na kamba za urefu, kisha zile za upana zipite juu mbili chini mbili. Pao litolewe mwisho kabisa. Mkia wa kamba wa mita mbili au tatu usikatwe, ufungwe chini ya kitakizo cha miguuni, kwa sababu wiki mbili za kukaliwa zitalegeza kila kitu na utahitaji kukaza tena. Fundi anayeahidi kumaliza yote haya kwa alasiri moja, mpeni kazi nyingine.

Vanishi ya plastiki msiipake. Kwenye unyevu wa mwambao hubanduka kama ngozi ya nyoka. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini, yatosha. Futa ziada baada ya dakika 20, na matambara yatandazwe nje yakauke, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Wanaotaka kuvipeleka ng'ambo wajue kwamba Kenya, kwa sheria ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale na hakitoki bila kibali.

La mwisho ni matendegu. Yaliyo marefu hukatwa ili kitanda kilingane na kochi, na kwa mkato mmoja mkerezo wa chini unakwenda na thamani inakwenda nao. Wekeni kibago cha kupandia. Kwa kukaa, godoro la sufi la sentimita 8 hadi 10 latosha, na matakia manene yapangwe nyuma mpaka nafasi ya kukalia ibaki kama sentimita 55, maana upana wa 85 bila takia humwacha mtu miguu ikining'inia.

Mafundi seremala,
Mombasa