Mafuta ya vifuu bado si dizeli

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita mvuvi mmoja wa Likoni aliniletea pampu ya injini ya mashua yake ndani ya karai. Alikuwa ameuziwa dumu la lita 20 la kile alichoambiwa ni dizeli ya vifuu vya nazi, bei chee. Siku ya pili injini ikamzimikia majini karibu na Mtongwe.

Nilipofungua nozeli nikakuta vitundu vimezibwa na utomvu mweusi kama lami. Chuma cha pampu kimeshaanza kuliwa. Yaliyobaki dumuni yananuka moshi na siki. Nikadondosha tone kwenye glasi ya dizeli safi: likazama mpaka chini, likakaa huko peke yake.

Nilifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe mpaka kilipoacha kusafisha mwaka 2013, na jambo hili linaniuma kwa sababu mafuta ya vifuu ni kitu cha kweli. Vifuu, makumbi, hata vumbi la mbao, ukivipasha moto kufikia nyuzi 500 hivi za Selsiasi bila hewa, kisha ukaupoza mvuke wake upesi, unapata mafuta. Lakini yana maji mengi, pengine robo ya uzito wake, na oksijeni tele. Ndiyo maana ni makali kama siki, yakikaa yanazidi kuwa mazito, na joto linalotoka yakiungua, kilo kwa kilo, halifiki nusu ya lile la dizeli.

Kuitoa oksijeni hiyo ndiyo kazi yenyewe. Changamwe tulikuwa tukipitisha nafta, yaani mafuta mepesi, pamoja na haidrojeni juu ya vichocheo (vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia), kwa shinikizo, ili salfa itoke. Oksijeni nayo hutolewa kwa njia iliyo ndugu na hiyo: haidrojeni huishika ikatoka nayo kama maji, yakabaki mafuta ya kaboni na haidrojeni, kama yale ya ardhini. Iko pia njia ya vichocheo vya ziolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), isiyotaka haidrojeni ya shinikizo, ila masizi huvifunika vichocheo haraka na lazima yachomwe kila mara. Pipa la uani haliwezi kazi hii, hata fundi awe hodari vipi.

Anayeuza aseme wazi kwamba ni mafuta ghafi ya kuchoma kwenye tanuri au boila. Huko yana faida yake. Mvuvi asidanganywe, huyu wangu mpaka leo anabebwa na mashua za wenzake.

Na Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor kituite sisi wazee wa kiwanda. Wenzangu wa zamu wako Mikindani, Magongo na Chaani, na baadhi wameshatangulia mbele ya haki. Mimi nina madaftari matatu ya zamu, yenye joto na shinikizo tulivyoviandika kila saa. Mwalimu atakayeyahitaji nitampelekea mwenyewe.

Fundi mstaafu,
Mikindani, Mombasa