Barua kwa mwanangu anayetaka kuvuka mlima usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma kwanza kama baba, nikakasirika. Jioni nikausoma tena kama mtu aliyewahi kuivuka milima hiyo hiyo usiku akiwa na umri kama wako, hasira ikaisha. Kwa hiyo sikukatazi. Nikikukataza utakwenda tu, ila hutaniambia, na mimi nataka kuambiwa.

Unasema mtatoka kijiji cha Castel del Monte, huko Italia, jioni, mlale mlimani, asubuhi mtokee kijiji cha Santo Stefano di Sessanio. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka haifiki hata kilomita 10, ndiyo maana wenzako wanaona ni mchezo. Halafu ukaongeza: "Hatufuati njia, baba, tunakata porini." Hapo kwenye pori ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu pori halipo.

Milima hiyo ya Abruzzo unayoiona tupu ilijaa kondoo na watu kwa karne nyingi. Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragona aliweka utaratibu wa kutoza ushuru mifugo iliyokuwa ikishuka kila vuli kwenda malisho ya Puglia na kupanda tena majira ya joto. Njia kuu ya mifugo, Tratturo Magno, ilitoka mji wa L'Aquila hadi Foggia huko Puglia, kilomita 244, na upana wake ulifika mita 111. Barabara yetu kubwa kuliko zote ungeitandaza humo ikabaki nafasi. Hata Wamedici, ukoo uliotawala Firenze, na utajiri wao wote, waliichukua Santo Stefano mwaka 1579 kwa sababu ya sufu. Biashara ya sufu ilipokufa watu wakaondoka, wengine Roma, wengine ng'ambo kabisa, na leo Santo Stefano haina hata wakazi 200. Lakini walichojenga mlimani hawakuondoka nacho.

Ukiacha njia iliyopakwa alama nyekundu na nyeupe, basi, unatembea juu ya kazi za watu. Kuna mashamba ya ngazi yaliyokuwa ya nafaka na zile dengu ndogo za kahawia zinazosifiwa. Kuna mazizi ya mawe. Kuna kuta zilizopangwa jiwe kwa jiwe bila saruji, na hizo ndizo zinazovunja watu miguu usiku. Ukiwa unateremka, ukuta wa shamba la ngazi huuoni, maana upande wa juu uko sawa na ardhi, na upande wa chini unaweza kuzidi kimo chako. Ukifika ukingoni usiruke, hata mwenzako akiruka na kucheka. Ufuate ukuta kwa kandokando. Aliyeujenga alikuwa akipanda na kushuka hapo kila siku na punda wake, kwa hiyo mahali pa kupita lazima alipaacha. Mkipapata, mara nyingi mtakuta na kijia cha zamani ambacho ramani haikioneshi. Huko ndiko kukata porini ninakokubali mimi: kuacha njia ya watalii na kutafuta ya wachungaji.

Ngome ya Rocca Calascio iko kwenye kilele cha mita 1,460. Mkielekea Santo Stefano inapaswa kuwa kushoto kwenu. Mwezi ukiwepo mtaiona mkiwa sehemu za juu. Mkishuka bondeni itapotea, na hapo dira ifanye kazi. Simu iwe ya akiba. Chukueni ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000, muisome mchana mkiwa mmekaa mezani, siyo saa sita usiku kwa tochi.

Sasa mbwa.

Najua mmezungumza habari za mbwamwitu, maana kila mgeni huanzia hapo. Mbwamwitu wapo kweli, ila wakikusikia wanajiondokea. Anayenipa mimi wasiwasi ni mbwa mweupe mkubwa anayelinda kondoo, wanayemwita maremmano-abruzzese. Huyo hafugwi ili abweke mtu aamke. Analelewa na kondoo tangu akiwa mtoto, anawaona kama ndugu zake, na akiona kitu kinakuja gizani hasubiri kuuliza. Zamani walivishwa kola ya chuma yenye miiba ili mbwamwitu asiwakamate shingoni, nawe fikiria mnyama anayevishwa hivyo ameandaliwa kwa kazi gani. Kuanzia Juni hadi vuli makundi yako juu, na usiku ndio zamu yao hasa.

Mkisikia kengele za kondoo, badilisheni uelekeo wakati huo huo, hata kama mnapotea nusu saa. Mbwa akija, simameni. Msikimbie, msiinue fimbo, msiokote jiwe. Ongea naye kwa sauti ya chini, Kiswahili chochote, hajali, kisha rudini taratibu bila kumpa mgongo. Kosa ambalo hasamehe ni mtu kuingia kati yake na kondoo. Kabla hamjatoka kijijini, ingieni baa muulize kundi liko upande gani wiki hii. Wachungaji wengi siku hizi ni wageni kama wewe, Wamasedonia na Waromania, na Kiitaliano chao kina makosa yale yale ya kwako. Mtaelewana vizuri.

Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani. Mlima ule ni wa chokaa, mvua ikinyesha inazama yote, mito haipo. Mabirika ya kunyweshea mifugo yako kwenye ramani, ila mwisho wa kiangazi mengine hukauka.

Kulala. Hapo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gran Sasso, hivyo mambo ya hema muulize ofisi yao kwanza. Usiku ukifika mtavutiwa na mazizi na nyumba zilizoachwa, kwa sababu zina kuta na upepo umekuwa mkali. Msilale ndani. Tarehe 6 Aprili 2009, saa tisa na nusu usiku, tetemeko la L'Aquila liliua watu 309, na mnara wa Santo Stefano, ambao mimi niliukuta umesimama baada ya kusimama kwa karne nyingi, ukaanguka. Umejengwa upya. Mazizi ya mlimani hakuna aliyeyajenga upya. Laleni nje, upande usio na upepo, mbali kidogo na ukuta wenyewe. Na mvae: hata Agosti baridi ya huko usiku ni ile ya Makete mwezi wa saba, na wewe umekulia Dar.

Ukungu ukishuka, acheni kutembea. Kaeni hapo hapo mpaka uinuke, hata kama ni alfajiri. Likitokea baya zaidi, namba ni 112, muombe Soccorso Alpino, yaani waokoaji wa mlimani. Mtandao usipokuwepo, tumia tochi au filimbi: ishara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Anayejibu atatoa tatu. Jifunzeni nyote, si wewe peke yako.

Huyo rafiki yako anayesema viatu vya raba vinatosha, mwambie Waitaliano wana historia hiyo. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita kule Nanyuki, si kwa ajili ya kwenda kwao, bali kupanda Mlima Kenya. Vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kwa mabaki ya chuma waliyookota. Wawili wakafika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe kufungwa tena. Nawapenda kwa hilo. Lakini wao viatu vizuri hawakuwa na pa kuvinunua. Nyie maduka yamejaa.

Kama mnapanga katikati ya Agosti, angalieni kalenda. Castel del Monte wana sherehe yao ya Usiku wa Wachawi, kijiji kinafurika wageni. Kwetu wachawi hawatangaziwi ratiba. Nendeni mkaione, ila siyo usiku huo huo wa kupanda, maana mtatoka mmekunywa.

Nitumie majina na namba za wote mnaokwenda, mchoro wa mnapotaka kupita, na saa ambayo nikiwa sijasikia neno nianze kupiga simu. Pesa za viatu nimekutumia jana, si za simu mpya. Mama yako nimemwambia mnakwenda kutembea vijijini. Habari ya usiku utampa mwenyewe, na umpe kabla ya kwenda, siyo baada.

Baba yako