Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Moshi, 30 Mei 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA

Shule inafungwa leo na itafunguliwa Jumanne, 8 Julai. Ripoti ya mtoto imeambatishwa. Kaa naye muisome, usiitie saini huku unakimbilia gari.

Nianze na ziara ya Kidato cha Tatu kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo, maana waliokuja kwenye maonyesho Jumamosi iliyopita bado wananisimamisha sokoni kuiulizia. Tulipita Same na Segera hadi Msata, tukakata kushoto kuelekea pwani. Kijiji cha Kaole kiko kama kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Vijana waliona magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zamani baadhi ya nguzo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Bandari ilikuja kuzibwa na tope na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo.

Kilichowashika zaidi ni watu wa pwani ile. Ndani ya ukoo mmoja utasikia habari za Washomvi, wanaosimulia kuwa wazee wao walitoka Barawa, pwani ya Somalia, za Wazaramo na Wadoe, za Waarabu, na za Wanyamwezi walioteremka na misafara ya pembe za ndovu. Wapo pia waliotokana na watu waliokombolewa utumwani na kulelewa kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868. Hakuna anayeona haya kuutaja upande wowote. Vijana wetu, ambao wengi wamezoea kuulizana tu kama mtu ni wa Machame au wa Kibosho, walirudi wakawabana babu na bibi zao kwa maswali. Binti mmoja wa Kirua akagundua kuwa mama yake babu alikuwa Mkamba! Mahojiano hayo ndiyo yaliyojaza ukuta wa bwalo. Mwalimu wa Historia, nakupongeza hadharani.

Kiswahili tumefanya vizuri. Hisabati bado.

Sasa lililonikera. Vijana watatu walichukua msumari wakakwangua majina yao kwenye lipu ya kaburi moja pale Kaole. Kaburi, wazazi wangu. Hapa kwetu babu amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na hakuna mjukuu anayethubutu hata kukalia kaburi lake. Ya wenzetu ndiyo ubao wa kuchezea? Mzee aliyekuwa akitutembeza hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hawa ni wa nani?" Nilikosa jibu. Nimewasimamisha wiki mbili, na badala ya kushukuru kuwa sikuwafukuza, mzazi mmoja amenipigia simu kuniambia ni utoto, mwingine amemtuma mjomba mwenye cheo. Cheo hakifuti mkwaruzo. Tarehe 8 Julai kila mmoja aje na mzazi wake mwenyewe, si mjomba, pamoja na barua ya kuwaomba radhi wanakijiji, kwa mwandiko wa mtoto. Asiye nayo asivuke geti.

Utoro wa siku za gulio umerudi. Mtoto si mchuuzi wako.

Ada nayo. Nauli ya ziara mliikamilisha kwa siku chache, nikafurahi, kisha mhasibu akanionyesha kuwa baadhi yenu mlioiwahisha hamjalipa ada tangu Januari. Kila mwaka naambiwa nisubiri kahawa. Kahawa ikivunwa, naambiwa bei imeshuka. Wapishi hawasubiri kahawa, na mwenye mahindi hanikopeshi kwa jina lako. Mwenye shida ya kweli aje ofisini tupange malipo kwa awamu. Wapo waliokuja na tumeelewana vizuri. Asiyelipa wala kuja, mtoto wake hatapokelewa bwenini Julai. Lipa benki, ulete risiti. Usimpe mtoto fedha taslimu.

Sare mpya za michezo zinapatikana stoo.

Wenu,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule