Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: dawa ya watoto wetu wa selimundu iko wapi?

Shikamoo Mheshimiwa.

Niwie radhi kukuandikia huku mtandaoni. Ofisini kwako nimefika mara tatu, mara mbili uko safari, mara ya tatu nikaambiwa niache namba nitapigiwa, mpaka leo simu haijaita. Ningeendelea kusubiri ila usiku wa Jumapili iliyopita umenimaliza.

Mwanangu ana miaka 9, ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu. Jumamosi alilalamika mgongo na mbavu, nikampa maji mengi, nikampa panadol, nikamfunika asipate baridi kama tulivyofundishwa kliniki. Jumapili jioni anapumua juu juu, pua zinacheza, akiongea anakata neno katikati avute hewa kwanza. Tumefika wodini, mtungi wa oksijeni ni mmoja na unapokezanwa, mwanangu na kichanga cha mama mwingine, nikawa nimekaa nahesabu dakika za mtoto wa mwenzangu huku namwomba Mungu anisamehe kwa ninachokiwaza. Mheshimiwa hilo sitalisahau.

Eksirei ilipotoka pafu la kulia chini kote peupe. Daktari mmoja kijana, yuko intern, akakaa na mimi saa 9 usiku akanichorea nyuma ya bahasha ya eksirei. Chembe nyekundu zikijikunja zinapasuka na kuchubua ukuta wa mshipa, ukuta ukichubuka unatoa vipokezi vya kunatisha, kimoja kinaitwa P-selektini, yeye alikichora kama ndoana. Chembe nyeupe zikipita zinanaswa pale, chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zinanata juu yake, bonge linakuwa bonge, likichomoka linaenda kuziba vimishipa vya mapafu. Pafu linavimba, linajaa majimaji, oksijeni inashuka, na ikishuka chembe nyingine nyekundu nazo zinajikunja, inaanza upya. Miaka yote naambiwa nimonia nimonia, kumbe kuna na hili.

Nikamuuliza, sasa hizo ndoana haziwezi kuzibwa? Akasema dawa ipo, krizanlizumabu, ni dripu ya nusu saa kila baada ya wiki 4, inaikalia hiyo P-selektini chembe zisinate. Marekani waliipitisha 2019, kwenye utafiti wa watu 198, wale waliopata dozi kubwa vipindi vyao vya maumivu vilipungua karibu nusu. Lakini utafiti mkubwa uliofuata haukuonyesha tofauti na dawa bandia, yaani ile tupu ya kulinganishia, Ulaya wakafuta kibali 2023. Halafu akaniambia kitu kimeniganda kichwani, kwamba kuzuia chembe nyeupe zisishike kabisa nako kuna hatari yake, wapo watoto wanazaliwa na kasoro ya kipokezi kingine, CD18, chembe zao nyeupe haziwezi kutoka kwenye damu kwenda kwenye kidonda, wanaugua mfululizo na vidonda vyao havitungi usaha. Maana yake zile zile zinazomuumiza mwanangu kifuani ndizo zinazomlinda na wadudu.

Kwa hiyo Mheshimiwa nielewe vizuri, sikuombi dripu ya Marekani. Nakuomba kidonge. Haidroksiurea. Dawa ya zamani inayojulikana, inafanya chembe nyekundu zisijikunje ovyo, inapunguza wingi wa chembe nyeupe na inapunguza hata huko kunata kwenyewe. Mwaka 1995 huko huko Marekani waliifanyia utafiti watu wazima 299, waliopata hili tatizo la kifua upande wa dawa walikuwa 25, upande wa dawa bandia 51. Na asije mtu akaniambia hiyo ni ya wazungu, matokeo ya 2019 yalitoka kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, Waafrika wenzetu, wengine majirani zetu kabisa, na maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata vifo vilipungua.

Wewe mwenyewe unalijua hili. Tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, ulisimama mbele yetu ukasema kidonge hiki hakitakosekana kwenye hospitali za wilaya. Tulipiga makofi mikono ikauma. Mwanangu alikaa mstari wa mbele, ulimshika mkono ukamuuliza anataka kuwa nani akakwambia rubani. Ni huyo huyo ninayemzungumzia.

Toka hapo kidonge tumekipata mwezi mmoja tu. Miezi miwili sasa dirishani ni imeisha mama, kanunue nje. Nje vidonge vya siku kumi vinakula hela ya mboga ya wiki nzima, na mimi nauza dagaa, kuna siku sipati hata ya kumlipia bodaboda. Mwezi wa kwanza nilijikaza, wa pili nikampa kimoja siku moja siku nyingine hapana, nikijua nakosea. Sasa nalala nawaza kama ni hiyo ndiyo iliyomfikisha wodini. Kwa nini dawa haiji sijui, nadhani oda haikupelekwa kwa wakati, au imepelekwa ndogo kwa sababu watoto wetu hawajaandikishwa wote, wenzangu wana maneno yao mengine mimi sitayasema hapa. Wewe una uwezo wa kuuliza ukajibiwa, mimi nikiuliza naambiwa nipishe dirisha.

Mwanangu ametoka juzi, anatembea akishika ukuta. Mitungi ya oksijeni tutakuja kuiongelea, damu ya akiba tutakuja kuiongelea, leo naomba kidonge tu Mheshimiwa, kidonge. Kliniki yake ni Alhamisi. Nitafika saa moja asubuhi na daftari lake, nikifika pale dirishani naomba nikikute.

Mama wa mtoto wa selimundu