Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama za Kompyuta za Sataranji

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiachia kamati swali moja, nalo limetuchukulia sehemu kubwa ya mwaka: je, alama za Elo tunazozipa kompyuta zina maana sawa na zile za mchezaji binadamu? Jibu langu ni kwamba zinayo pale tu zinapotokana na michezo dhidi ya binadamu, na orodha yetu haijalisema hilo waziwazi inavyopaswa.

Mfumo wa Profesa Arpad Elo, ambao FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliupokea mwaka 1970, hupima tofauti baina ya wachezaji wanaokutana, basi. Anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika michezo 100. Kwa hiyo kompyuta zinazochezeana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kupanda zote kwa pamoja, mfano wa mashua iliyokatika nanga, bila yeyote kutambua. Wenzetu wa SSDF, chama kinachopima kompyuta za sataranji nchini Sweden, waliitia nanga orodha yao kwa michezo 337 iliyochezwa dhidi ya binadamu kati ya 1987 na 1991, na bado mwaka 2000 iliwabidi waishushe yote kwa alama 100. Nawaheshimu kwa kujisahihisha hadharani.

Linalonisumbua zaidi ni uchache wa michezo. Kompyuta ikipata pointi 5 katika michezo 10 dhidi ya wapinzani wenye wastani wa 2000, tunaikadiria 2000. Ikipata 6, tunaikadiria 2072, na tofauti hiyo yote yaweza kuletwa na mtu mmoja aliyepitiwa. Huko Bonn mwaka 2006, katika mchezo wa pili dhidi ya programu ya Deep Fritz, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alisogeza malkia wake hadi mraba wa e3, na papo hapo malkia wa kompyuta akatua h7: mati, mchezo ukaisha. Ni haki mchezo ule kuhesabiwa, maana kupitiwa ni sehemu ya kiwango cha binadamu, ila katika pambano la michezo 6 lililokwisha kwa ushindi wa kompyuta wa 4–2 uzito wake ni mkubwa mno.

Jina la mashine nalo hupotosha. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliishinda Deep Blue, kompyuta ya IBM, 4–2 mwaka 1996, baada ya kupoteza mchezo wa kwanza. Mwaka uliofuata Deep Blue iliyoimarishwa ilimshinda 3.5–2.5. Kuzipa mashine hizo mbili alama moja kungekuwa kosa.

Kwa sababu hizo, kamati imeamua kwamba kando ya kila alama katika orodha yetu paandikwe idadi ya michezo dhidi ya binadamu, muda uliotolewa kwa kila mchezaji, toleo la programu na aina ya mashine. Alama zilizopatikana kwa kompyuta kuchezeana zitawekwa kwenye orodha yake peke yake.

Programu za kisasa hatutazipima kwa njia hii, kwa kuwa anayeshinda kila mchezo hatoi kipimo chochote zaidi ya kwamba yuko juu. Mashine za zamani, zinazoshinda na kushindwa, ndizo zenye kutufaa, na kwa hizo tunawahitaji ninyi, hasa wenye alama za kati, ambao hadi sasa mmejitokeza wachache. Katibu anaandikisha majina kuanzia leo.

Mwenyekiti