Ndoto ndani ya klipu: kwa nini kijani kinakataa kutoka

Wasanii wengi wa Lubumbashi hutuletea sisi mafundi wa montaji picha zilizokwisha kupigwa mbele ya kitambaa cha kijani, kisha wanaomba kitu kimoja: mtutolee tu hiyo kijani, mandhari nyingine ikae mahali pake. Wanataka mwimbaji aelee juu ya terili, ule mlima wa mabaki ya madini wa kampuni ya Gécamines, atembee kwenye maji chini ya maporomoko ya Lofoi, au misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya mababu wa Katanga, imzunguke kichwani. Yote hayo yanawezekana, hata kwa programu ya montaji ya DaVinci Resolve ya bure, maana ina Fusion, sehemu ya kuunganisha picha, ndani yake na inatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160 (4K). Lakini programu hukata kile ilichopewa. Rangi ambayo kamera haikuirekodi, hakuna fundi wa montaji atakayeirudisha.

Tuanze na rangi hiyo. Simu nyingi na kamera nyingi za bei ya kawaida hurekodi kwa mtindo wa 4:2:0: kila pikseli hupata mwanga wake, ila rangi huandikwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Video ya 1920 kwa 1080 kwa hiyo ina rangi ya 960 kwa 540 tu. Kukata kijani ni kazi ya rangi, ndiyo maana misuko na nywele za asili hutoka na kingo za meno meno. Dawa ni kupiga kwa 4K hata kama klipu itatoka kwa 1080: picha ikipunguzwa, kila pikseli ya mwisho inakuwa na rangi yake. Zima pia ule ukali wa picha ambao kamera huuongeza yenyewe, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe chini, kwa sababu chenga za gizani huliwa pamoja na kijani.

Kitambaa kipigwe pasi na kivutwe kwa vibanio pande zote. Kipewe taa zake, msanii apewe zake. Kati ya kona inayong'aa zaidi na ile yenye giza zaidi, tofauti isizidi nusu stopu (stopu moja ni mwanga maradufu). Kosa tunalokutana nalo kila mara ni kukimwagia kitambaa mwanga mwingi kwa kudhani kitatoka vizuri zaidi. Kikizidi, kijani hufifia na kuelekea weupe, na kamera iliyoachwa kwenye otomatiki hupunguza mwanga wote, hivyo uso wa msanii mweusi unazama. Funga mipangilio yote kwa mkono, pima mwanga usoni, kisha shusha taa za kitambaa ziwe chini kidogo ya uso.

Msanii asimame mita 2 hadi 3 mbele ya kitambaa. Akikaribia zaidi, kijani kinaruka na kumpaka mabegani na shingoni, hasa ngozi ikiwa na jasho au mafuta. Programu inaweza kukifuta, lakini hapohapo ngozi hupoteza joto lake na kuwa kama majivu. Taa moja kutoka nyuma, juu, inasaidia sana kuchora ukingo wa nywele.

Jambo ambalo ni letu hasa hapa mjini ni malakiti. Mkufu wa malakiti ni fahari ya Katanga na wasanii wanaupenda, lakini jiwe hilo ni la kijani. Mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta inaona mkufu na kitambaa kuwa kitu kimoja: kila shanga inageuka tundu, na mawingu yanaonekana kupitia kifua cha mwimbaji. Kulirekebisha ni kuchora maski, yaani mpaka wa kulinda sehemu isikatwe, kuzunguka mkufu fremu kwa fremu. Hali ni hiyohiyo kwa kitenge chenye majani mabichi. Mkitaka kuvaa hivyo, tuambieni mapema tutumie kitambaa cha bluu. Bluu inadai taa zaidi, na sensa nyingi husoma kijani mara mbili ya bluu, kwa hiyo chenga huwa nyingi kidogo. Hata hivyo ni afadhali mara kumi kuliko shanga zenye matundu.

Umeme wetu ni wa hertzi 50. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, taa hazitapepesa. Kwa dansi ya kasi tumia 1/100, mikono isiache ukungu wa kijani.

Sasa kuelea, maana ndoto bila uzito mwepesi haishawishi. Piga kwa fremu 50 huku wimbo ukichezwa kwa kasi maradufu, msanii aimbe kwa kasi hiyo. Tukiweka picha kwenye montaji ya fremu 25, midomo inafuata wimbo wa kawaida sawasawa, lakini nguo na nywele zinasogea kama ziko majini. Kama maneno ni mengi na ulimi hauwezi, piga kwa fremu 30 na wimbo kwa asilimia 120. Athari yake ni ndogo, ila inaonekana. Andaeni faili hiyo ya wimbo kabla ya siku ya kupiga.

Kwenye Fusion tunafunga kwanza maski pana kuzunguka mwili ili kona za studio zisisumbue. Halafu tunaweka Delta Keyer, kifaa cha Fusion cha kukata kijani, tukiisaidia kwa picha ya kitambaa kitupu. Tafadhali pigeni sekunde 5 bila mtu, taa zikiwa zilezile. Tunakata mara mbili: mkato mgumu kwa ajili ya mwili, mkato laini kwa ajili ya nywele, kisha tunaviunganisha. Anayetumia mkato mmoja tu hulazimika kuchagua kati ya tumbo lenye matundu na kichwa kilichonyolewa.

Kinachobaki ni kumfanya akae mahali pale. Jua la terili likiwa kushoto, taa ya uso iwe kushoto. Lenzi iwe kwenye kimo kilekile kilichotumika kupiga mandhari. Weusi wa nguo ulingane na weusi wa vivuli vya nyuma. Na ile misalaba ya shaba inayong'aa lazima imwangazie: wekeni taa yenye karatasi ya rangi ya chungwa, mtu aipitishe polepole kandokando ya uso wakati wa kupiga. Mwanga huo wa kweli unasaidia kuliko cheche zote tutakazoongeza baadaye. Akionekana hadi miguuni, tunahitaji pia kivuli chini ya nyayo. Bajeti ikiwa ndogo, mpigeni kuanzia kiunoni.

Tunahesabu bei kwa shoti na ugumu wake, si kwa dakika, kwani sekunde 20 tu ni fremu 500. Tunatoa kazi kama mfululizo wa picha moja moja badala ya faili moja ya video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 312, tunaendelea kuanzia hapo. Ndipo tunaunganisha na wimbo.

Mkihitaji na toleo la kusimama, la 9 kwa 16 kwa ajili ya simu, semeni kabla ya kupiga. Msanii atawekwa katikati na mikono itaachiwa nafasi. Mikono iliyotoka nje ya kitambaa haikatiki.