Zima simu sawa, ila hiyo koili nani kaikagua?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila sheli hapa Dodoma ina kibao cha zima simu na usivute sigara, sawa hatukatai, ila ndani ya pampu yenyewe kuna solenoidi, yaani valvu inayofunguliwa na koili ya umeme, ndo ile ukisema niwekee ya elfu kumi pampu inaanza kwenda taratibu ikikaribia halafu inakata yenyewe, na hiyo sijasikia mtu anaiulizia. Mi ni fundi umeme na hili jambo linanikera.

Watu wakiwaza hatari wanawaza cheche tu. Koili hata isipotoa cheche inachemka, maana inapitisha umeme muda wote ambao imeishikilia valvu. Na koili za umeme wa AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa TANESCO) zina tabia mbaya, kile chuma cha ndani kikikwama kwa uchafu (na vumbi letu mnalijua) inaendelea kuvuta umeme mwingi kama ule wa kuanzia mpaka inaungua. Ndo maana viwango vya kimataifa vya IEC 60079 vinataka kifaa cha sehemu yenye mvuke wa mafuta au gesi kiwe na alama ya Ex (yaani kimetengenezwa kisiwashe mvuke huo), kundi la gesi kinazofaa na daraja la joto, yaani uso wake unaruhusiwa kuchemka mpaka wapi. T3 haivuki nyuzi 200, T4 ni 135, T6 ni 85, na hesabu hizo ni za hewa isiyozidi nyuzi 40 kama kibati (kile kibao kidogo cha maelezo kilichobandikwa kwenye kifaa) hakijasema vingine. Sasa chukua heksani, kile kimiminika kinachotumika kwenye viwanda vikubwa kutoa mafuta yaliyobaki kwenye mashudu ya alizeti (mashine zetu za kukamua mtaani hazina habari nayo). Inawaka yenyewe kwenye nyuzi kama 225 hivi, kwa hiyo koili ya T2 inayoruhusiwa kufika 300 haifai pale hata kama imeandikwa Ex. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini unajaa kwenye mitaro ya kebo.

Koili ikiungua bosi anasema kanunue ya bei rahisi, fundi anarudi na ya volti zilezile lakini ya pampu za maji, anafunga, valvu inafunguka, wote wanafurahi. Ukimuuliza anakwambia hii IP65 bwana. Jamani IP65 ni ya vumbi na maji, mlipuko haihusiani nao! Boksi la Ex d, lile la chuma la kuhimili mlipuko, lenyewe wala halizuii gesi kuingia, linakubali ilipuke humohumo ndani ila moto ukipenya ule mwanya mwembamba wa mfuniko unapoa kabla haujatoka nje, sasa wewe ukiacha bolti moja, ukapaka rangi pale mfuniko unapokutana na boksi, au ukapitisha kebo kwa glandi (kile kibano cha kebo inapoingia kwenye boksi) ya plastiki ya kawaida, hapo una boksi zito tu la chuma. Za Ex m, ambazo koili imezamishwa kwenye gundi ngumu, zinataka fyuzi ya kiasi alichoandika mtengenezaji, sio kipande cha waya.

Lawama simtupii fundi peke yake, analipwa ya siku na cheti cha kile kifaa hajawahi hata kuonyeshwa, mwenye sheli ndo anakaa nacho kama anacho. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndo wanatoa leseni za mafundi umeme na za vituo vya mafuta pia, na makao makuu yao yapo hapahapa kwetu, OSHA nao usalama kazini ni wa kwao. Ninachowaomba wakaguzi wasiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Umeme uzimwe, pampu ifunguliwe, kibati cha koili kisomwe na kilinganishwe na cheti kilichoko kwenye faili la kituo, kama hakuna kibati au kimefutika pampu hiyo isiuze mpaka iwekwe inayotakiwa.

Fundi umeme, Kizota, Dodoma